Selous: Kutoka konzi ya baruti hadi risasi iliyopimwa

Wiki chache zilizopita, baada ya kipindi chetu cha jioni, mzee mmoja wa Mpitimbi alitupigia simu na kuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu hewani kwa dakika mbili. Alisema gobore la zamani lilikuwa na mlio wa kutikisa bonde zima na moshi kama wa tanuri la matofali, lakini mara nyingi mnyama aliondoka zake mzima. Bunduki ya askari wa wanyamapori ina mlio mkavu tu, na risasi yake ni nyembamba kuliko kidole, lakini inakwenda inakotumwa. Tofauti iko wapi?

Tumeona jibu zuri linapatikana katika maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake tunalitamka kila siku hapa Ruvuma. Ukienda Namtumbo au Tunduru, ukisema Selous, kila mtu anaelewa unazungumzia pori. Wachache wanajua kwamba Selous alikuwa mtu, na wachache zaidi wanajua kwamba aliuawa hapa hapa Tanzania kwa risasi moja. Alianza uwindaji wake kwa kujaza bunduki kwa konzi ya mkono, kama walivyofanya wazee wetu wengi, na aliishi hadi kuona kila chembe ya baruti inapimwa kiwandani. Tumfuate tangu mwanzo.

Mtoto wa London

Frederick Courteney Selous alizaliwa London, Uingereza, tarehe 31 Desemba 1851. Baba yake alikuwa mtu wa fedha, aliyefikia kuwa mwenyekiti wa Soko la Hisa la London, na mama yake alikuwa mtunzi wa mashairi. Nyumba ilikuwa na neema, lakini kijana mwenyewe hakuvutiwa na ofisi. Alipenda kukusanya mayai ya ndege, kupanda miti na kusoma habari za wasafiri waliofika Afrika.

Akiwa na miaka 15 nusura afe. Januari 1867 watu wengi walikuwa wakiteleza juu ya barafu iliyofunika bwawa la bustani ya Regent's Park. Barafu ikavunjika ghafla, watu 40 wakafa. Selous alilala kifudifudi juu ya vipande vya barafu, akatambaa kimoja baada ya kingine hadi ukingoni.

Wazazi walimpeleka shule ya Rugby, kisha Uswisi na Ujerumani, wakitumaini atakuwa daktari. Huko Ujerumani alikamatwa na mlinzi wa msitu akichukua mayai ya ndege. Wakapigana, mlinzi akaanguka, na kijana akalazimika kuondoka upesi kabla sheria haijamfikia. Mambo ya udaktari yakaishia hapo.

Bunduki iliyoibwa

Septemba 1871 alishuka melini Port Elizabeth, Afrika Kusini. Alikuwa na miaka 19, pauni 400 mfukoni, na bunduki nzuri ya mitutu miwili ya kisasa kwa wakati ule, inayofunguka nyuma na kupokea risasi iliyokwisha kutengenezwa. Alitaka kuishi kwa kuwinda tembo na kuuza meno yake.

Bunduki hiyo haikumfikisha mbali. Iliibwa maeneo ya machimbo ya almasi ya Kimberley, na hapo ndipo hadithi yetu inapoanza hasa. Bila bunduki ya kisasa, Selous alinunua bunduki mbili za bei rahisi za kuwindia tembo, za aina iliyouzwa kwa wafanyabiashara wa bara. Zilikuwa za kushindilia kwa mbele, mtutu laini ndani bila mifereji, na za kuwashwa kwa fataki. Kwa lugha yetu, yalikuwa magobore. Tofauti ni ukubwa tu: risasi yake ilikuwa tufe la risasi ya madini lenye uzito wa takriban gramu 113. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kilo, kwa mlio mmoja.

Mwaka 1872 alifika Bulawayo kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda. Mfalme alimwona kijana mdogo asiye na nywele kidevuni, akacheka, akamruhusu. Inaelekea hakudhani kama tembo wana la kuogopa.

Mwalimu wake wa porini alikuwa mwindaji wa Kikhoikhoi aliyejulikana kwa jina la Cigar. Huyo ndiye aliyemfundisha kuwinda tembo kwa miguu, kwa sababu farasi hawakuweza kuingia katika maeneo ya mbung'o. Kati ya 1872 na 1874 Selous aliua tembo 78 kwa magobore yake, karibu wote akiwa anatembea kwa miguu.

Konzi si kipimo

Sasa tusimame kidogo hapa, maana ndipo swali la mzee wetu linapoguswa. Selous alijazaje bunduki yake? Pembeni ya kiuno alining'iniza mfuko wa ngozi wenye baruti nyeusi, ile ya biashara, ya punje nene. Tembo akitokea, alitia mkono mfukoni, akachota konzi moja, akaimimina mtutuni, akashindilia risasi juu yake, akaweka fataki, akapiga. Kisha alikimbia huku akijaza tena, jua likichoma na jasho likitoka.

Baadaye alipopima konzi yake aliona inafikia takriban gramu 35 za baruti. Lakini hiyo ni konzi moja tu aliyoipima. Konzi ya asubuhi si konzi ya saa nane mchana. Mkono mkavu unachota tofauti na mkono uliolowa jasho. Mtu aliyetulia hachoti kama mtu anayekimbizwa na tembo jike mwenye mtoto.

Mama anayepika ugali anaweza kuongeza unga au maji hadi sufuria ikubali. Baruti haina nafasi hiyo. Ikishawaka, imewaka. Ikizidi, risasi inatoka kwa kasi zaidi na kupiga juu ya pale ulipolenga. Ikipungua, risasi inachelewa njiani, inaanza kushuka mapema, inapiga chini. Jaribu kurusha mawe kwenye embe moja mtini: ukirusha kila jiwe kwa nguvu tofauti, hutaliangusha hata kama jicho lako ni kali. Shabaha si kulenga peke yake. Shabaha ni kufanya kitu kile kile, kwa kiasi kile kile, kila mara.

Tatizo la pili lilikuwa mtutu wenyewe. Tufe linalopita katika mtutu laini huchezacheza, hugonga upande huu na ule, na likitoka nje linafuata upande uliogongwa mwisho. Kwa mnyama mkubwa aliye hatua chache mbele yako haidhuru. Akiwa mbali, ni bahati nasibu.

Wazee wetu wa Songea waliujua udhaifu huu kwa gharama kubwa. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wapiganaji wa Nduna Songea Mbano na wenzao waliingia vitani na mikuki na magobore ya kujaza kwa mkono. Upande wa Wajerumani ulikuwa na bunduki za kutumia risasi zilizotengenezwa kiwandani, kila moja sawa na mwenzake, na bunduki za rashasha. Ujasiri haukupungua upande wetu. Kilichopungua ni silaha ya kupiga mbali kwa uhakika, na muda wa kujaza tena.

Siku ilipojazwa mara mbili

Siku moja porini bunduki ya Selous ilikataa kuwaka. Katika pilikapilika za kumfuatia tembo, ikashindiliwa tena, baruti na risasi nyingine juu ya zile zilizokuwamo ndani. Selous alipoipokea hakujua. Akalenga, akavuta.

Safari hii ikawaka. Mlipuko ulimwinua kutoka ardhini na kumtupa chali. Bunduki ilimponyoka mikononi na kuruka nyuma yake, na usoni na mkononi akabaki na majeraha. Mtutu ungepasuka, leo tusingekuwa na pori lenye jina hilo.

Majeraha ya ngozi yalipona. Lililobaki ni jambo ambalo Selous alilieleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1881, A Hunter's Wanderings in Africa, na baadaye pia. Alikiri kwamba mateke ya magobore yale, mwaka baada ya mwaka, yaliharibu utulivu wake. Mwili ulijifunza kuogopa. Hata alipopata bunduki nyepesi isiyopiga teke, bega lilikuwa linajikunja lenyewe kabla kidole hakijamaliza kuvuta. Alijutia kuzigusa bunduki zile, kwa sababu ziliathiri ulengaji wake maisha yote.

Msomaji wetu, hili ni jambo la ajabu kidogo. Mtu anayetajwa kuwa mwindaji maarufu kuliko wote wa zama zake hakuwa bingwa wa shabaha. Waliomfahamu walimwona mpiga bunduki wa kawaida. Kilichompa jina ni miguu isiyochoka, moyo usiotetereka, na macho ya kusoma nyayo na tabia za wanyama.

Kipimo kinaingia

Katika miaka iliyofuata Selous aliachana na magobore. Kipenzi chake kikawa bunduki ya risasi moja moja iliyotengenezwa na George Gibbs wa mji wa Bristol, ya kipenyo cha takriban milimita 11 na nusu. Ndani ya mtutu wake kulikuwa na mifereji ya kuzunguka iliyobuniwa na mhandisi William Metford.

Metford alikuwa mtu wa vipimo. Alitumia miaka mingi akichunguza kwa nini risasi mbili zinazofanana hazipigi mahali pamoja. Aliona mifereji ya kina kirefu ilikuwa inairarua risasi laini na kuacha uchafu mwingi. Akapendekeza mifereji ya kina kifupi na risasi ndefu iliyofanywa ngumu zaidi. Risasi ikipita humo inaanza kuzunguka. Mtoto anayecheza pia anajua siri hii: pia likizunguka linasimama wima, likiacha kuzunguka linaanguka. Risasi inayozunguka husimama hivyo hivyo hewani, pua mbele, hadi mwisho wa safari.

Lakini mtutu mzuri hauna maana bila kilichomo ndani ya ganda. Bunduki mpya zilitumia ganda la shaba: fataki chini, baruti katikati, kichwa cha risasi juu. Wawindaji wengi wa zama zile waliokaa mbali na miji walihifadhi maganda matupu na kuyajaza upya kambini, kwa sababu kubeba baruti na madini ya risasi kulikuwa rahisi kuliko kubeba masanduku ya risasi kamili. Wenye kujali shabaha walitumia kikombe kidogo cha kupimia badala ya konzi. Walihakikisha kila kichwa cha risasi kina uzito ule ule na kimekaa katika ganda kwa kina kile kile. Hiyo ndiyo kazi ambayo wapenda shabaha duniani wanaifanya hadi leo kwa mizani inayosoma sehemu ndogo sana za gramu. Baruti bora ni ile isiyobadilika kutoka ganda moja hadi jingine, hata kama si kali kupita zote.

Baadaye likaja badiliko kubwa zaidi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi. Waingereza wakafuata na yao iliyoitwa kodaiti. Selous naye alihamia kwenye bunduki za kipenyo kidogo, ikiwemo ya .303. Tazama tofauti: gobore lake lilitupa gramu 113 kwa gramu 35 za baruti. Risasi ya .303 ya wakati ule ilikuwa na gramu 14, ikisukumwa na gramu 2 tu za kodaiti. Hata hivyo ilikwenda zaidi ya mita 600 kwa sekunde, ilinyooka mbali zaidi, na haikumuumiza bega aliyeipiga. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Huyu alianza na kibaba akaishia na haba.

Njia aliyoichonga

Tusimpambe mtu kupita alivyokuwa. Kufikia miaka ya 1880 tembo walikuwa wamepungua sana katika maeneo aliyowinda, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliowapunguza. Akageukia kukusanya ngozi na mafuvu ya wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mengi yako London hadi leo.

Mwaka 1890 aliingia katika kazi ya Cecil Rhodes. Kwa kuwa aliyajua mapori yale kama kiganja chake, aliongoza msafara wa walowezi wenye silaha na kuchonga barabara ya zaidi ya kilomita 600 hadi mahali ambapo leo ni Harare, Zimbabwe. Ardhi ikachukuliwa. Ufalme wa Lobengula, aliyempa ruhusa akiwa kijana asiye na kitu, ukavunjwa miaka mitatu baadaye. Wandebele na Washona walipoinuka mwaka 1896, nyumba ya Selous ilichomwa moto, naye akapigana upande wa walowezi. Kwa wasomaji wa Songea, ambako mashujaa wetu walinyongwa mwaka 1906 kwa kukataa kutawaliwa, si vigumu kuelewa wale walioichoma nyumba ile walikuwa wanatetea nini.

Alirudi Uingereza, akaoa mwaka 1894, akapata watoto, akaandika vitabu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, alikuja kuwinda Afrika Mashariki. Selous alimsaidia kupanga safari hiyo, na wakasafiri meli moja hadi Mombasa.

Vita vinamleta kwetu

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 Selous alikuwa na miaka 62. Alikataliwa kwanza kwa sababu ya umri, akang'ang'ania, akakubaliwa. Mei 1915 alifika Mombasa na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kikosi kilichochanganya wawindaji, wasafiri na watu wa kila namna. Juni mwaka huo alishiriki shambulio la Bukoba. Vijana wengi wa kikosi waliangushwa na malaria na kuhara kuliko risasi, lakini mzee huyu alitembea nao hatua kwa hatua, akapandishwa cheo kuwa kapteni, na Septemba 1916 akapewa nishani ya DSO. Mwezi huo huo Waingereza waliingia Songea yetu kutoka upande wa Nyasa.

Wakati Selous anapigana upande wa Waingereza, upande wa pili palikuwa na kazi ya mikono ambayo wasomaji wa leo wangependa kuijua. Jeshi la Kijerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limezingirwa na bahari iliyofungwa. Aprili 1915 meli ya Rubens ilipenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa na silaha na risasi. Manowari ya Waingereza iliishambulia, ikazama kwenye maji ya kina kifupi. Shehena ilitolewa majini, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Baruti ilianza kuharibika na fataki zikagoma.

Kilichofuata kilifanyika Moshi. Kwa miezi kadhaa, askari na wapagazi waliopatikana walikalishwa kuanzia asubuhi hadi jioni wakifungua risasi moja moja. Walitoa kichwa, wakamwaga baruti, wakaisafisha, wakabadilisha fataki pale ilipowezekana, wakarudisha kila kitu mahali pake. Kisha risasi zikapimwa kwa kupigwa. Zile nzima ambazo hazikulowa zilitunzwa kwa bunduki za rashasha, maana bunduki ya rashasha ikikwama imekwama. Za kujazwa upya ambazo takriban 20 kati ya 100 hazikuwaka zilionekana zinafaa vitani. Zilizokuwa mbaya zaidi ya hapo zilikwenda kwenye mazoezi.

Fikiria hilo. Askari wa Kiafrika anakwenda vitani akijua kwamba katika risasi tano, moja huenda isilie. Na mikono iliyofanya kazi ile ngumu, ya kina baba na kina babu wa nchi hii, haikuandikwa majina. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa maelfu mengi, wengi kwa njaa na maradhi. Hakuna pori lililopewa jina lao.

Beho Beho

Katikati ya 1916 Selous aliugua, akarudishwa Uingereza kufanyiwa upasuaji. Mtu mwingine wa umri wake angebaki huko. Yeye alirudi kabla mwaka haujaisha.

Mwanzoni mwa Januari 1917 Waingereza walisonga kuelekea Mto Rufiji. Tarehe 4 Januari, siku nne baada ya kutimiza miaka 65, Selous alikuwa na watu wake Beho Beho, kaskazini mwa mto, wakikabiliana na askari wa Kijerumani waliojificha. Alijitokeza kidogo kutazama adui alipo. Mdunguaji akapiga mara moja. Mzee aliyenusurika barafu ya London, meno ya tembo na bunduki iliyojazwa mara mbili, alikufa pale pale.

Alizikwa karibu na hapo, chini ya mkwaju. Kaburi lipo hadi leo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile ya 4 Januari, mwanawe Freddie, rubani wa kijeshi, naye aliuawa vitani Ulaya.

Jina lililobaki

Mwaka 1922 watawala wa Kiingereza walilipa pori la akiba jina la Selous. Mwaka 1982 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini, ikiwemo Beho Beho lilipo kaburi, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hivyo kaburi la Selous liko ndani ya hifadhi yenye jina la Mwalimu, na jina la Selous limebaki kwenye pori la upande wa kusini, lililo jirani na ndugu zetu wa Namtumbo na Tunduru.

Na tembo je? Mwaka 1976 walikadiriwa kuwa zaidi ya 109,000 katika eneo hilo. Sensa ya 2013 ilikuta takriban 13,000. Ujangili uliwamaliza, na mwaka 2014 pori likatangazwa kuwa Urithi wa Dunia ulio hatarini. Selous na mkono wake mmoja wa baruti alianza na tembo 78. Bunduki zilizofuata hazikuwa na teke wala moshi, na hazikukosa.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa Mpitimbi. Mlio mkubwa wa gobore ulikuwa ni nguvu nyingi isiyopimwa, ikipita katika mtutu usioishika risasi. Bunduki ya askari wa wanyamapori ina nguvu ndogo kwa kila risasi, lakini imepimwa, na kila risasi ni pacha wa iliyotangulia. Ndiyo maana inakwenda inakotumwa.

Tunajua kwamba baadhi ya nyumba bado zina gobore la babu juu ya dari. Tunajua pia kwamba tembo wakiingia shambani Namtumbo au Tunduru usiku, mahindi ya msimu mzima yanakwisha kabla ya jogoo, na mkulima anatamani kushika chochote. Lakini baruti ya kujazwa kwa kukisia inaweza kupasua mtutu na kuondoka na jicho au vidole vya aliyeishika. Tembo aliyejeruhiwa bila kuanguka huwa hatari kwa kila atakayekutana naye kesho yake, akiwemo mtoto anayekwenda shule. Na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haitambui gobore lisilo na kibali, hata kama ni la urithi. Lipelekeni polisi kupitia serikali ya kijiji. Tembo wakionekana, toeni taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya mapema, kabla hawajafika shambani. Uzio wa pilipili na mizinga ya nyuki umesaidia wakulima katika maeneo mengi, nao haumrushi mtu chali.

Mzee wetu, tunashukuru kwa swali. Selous mwenyewe alilipa bega lake na utulivu wake wote kulijibu, na alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo tu alipoanza kulipa. Kama kuna mwingine mwenye swali la historia ya maeneo yetu, apige simu wakati wa kipindi au atume ujumbe. Tukishindwa kulijibu hewani, tutalileta hapa.